Ada ya Mwezi na Watani wa Mama

Kwanza niseme wazi: mimi sina ugomvi na mtandao. Ugomvi wangu ni na wale wanaosema kwamba mtandaoni pesa inaingia wewe umelala. Mimi nimelala, nimeamka, nimelala tena, na kilichoingia ni meseji za "dada, nivumilie kidogo, nitakulipa mwisho wa mwezi". Mwezi gani, hawasemi.

Mambo yalianzia Masasi, kwenye shule moja ya binafsi nilikokuwa karani kwa miaka minane. Mkataba ukaisha, hawakuuongeza, wakanipa barua ya kunishukuru yenye muhuri mzuri sana. Nikafunga virago nikapanda Newala kwa mama. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, ndoa ilishanishinda zamani, mtoto sina. Pale nyumbani tukawa wawili, mimi na mama, pamoja na mikorosho michache ya kizee inayozaa pale inapojisikia.

Mama ana presha, na dawa za presha ni za kila mwezi. Maji tunanunua kwa dumu, bodaboda anayaleta hadi mlangoni na bei anaipanga kwa kuangalia jua. Umeme nao una zamu zake za kukatika, tena ukiwa umeulipia. Pesa ya korosho, kwa upande wake, inakuja mara moja kwa mwaka, ikija. Pengo hilo miaka yote alikuwa analiziba kaka yangu mkubwa, yuko Dar es Salaam, ana duka la vipuri vya pikipiki. Mwaka huo duka likayumba. Akanipigia simu, tena kwa adabu, maana kaka yangu si mtu mbaya, na hili nalisema mapema kabla sijaanza kumsema. Akaniambia hawezi tena kuendesha nyumba mbili. Mama ahamie kwake, wanaishi ghorofa ya tatu, wajukuu wapo, hospitali ipo. Mimi ni mtu mzima, nitajua pa kwenda.

Nikamwambia mama haondoki Newala. Akauliza dawa atanunua nani. Nikasema mimi. Akanipa muda: minada ya korosho ikianza atakuja, na siku hiyo nimwonyeshe kitu kinachoingia kila mwezi, siyo mara moja kwa mwaka, cha kutosha dawa na maji na umeme. Kikiwepo mama anabaki. Kisipokuwepo anaondoka naye. Mama mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yangu anachambua mchicha. Nilipokata simu aliniuliza kitu kimoja tu, ghorofa ya tatu iko juu kiasi gani. Nikamwonyesha kwa kidole kwenye mnara wa simu, pale katikati. Akautazama ule mnara, akarudi kwenye mchicha wake.

Basi ndiyo nikaingia mtandaoni kutafuta pesa ya kila mwezi.

Wakati huo kulikuwa na kijana mmoja anazunguka kufundisha watu kipato endelevu cha mtandaoni, na siku yake ya Masasi ilikuwa Jumamosi. Nikashuka. Nauli ya kwenda na kurudi juu yangu, kiingilio juu yangu, soda niliyoambiwa imo kwenye kiingilio nayo nikailipia. Ukumbi ulijaa walimu, wauza maduka na wastaafu waliovaa suti. Kijana akatuambia siri ni moja, mteja alipe kila mwezi bila kufikiria. Akazungumza saa tatu, hakusema tufanye nini hasa. Mwisho akatangaza kwamba masomo yaliyobaki yako kwenye kundi lake la wasapu, ada ni ya kila mwezi. Tukapanga foleni kujiunga, na mimi nilikuwa wa tatu. Ilinichukua miezi miwili kuelewa kwamba biashara yake yenyewe ndiyo sisi. Yaani mpaka leo ile soda naidai.

Lakini nilichukua lile alilosema, nikaanzisha kundi langu. Taarifa za korosho: salfa ya kupulizia mikorosho imefika ghala gani, minada inatarajiwa lini, mvua ikinyesha wakati wa maua ufanye nini. Elfu mbili kwa mwezi. Nilikuwa naamka kupiga simu huku na huku, naandika vizuri, natuma. Waliojiunga walikuwa wachache, wengi wa Tandahimba, na kutoka Kitangari alikuwepo mmoja tu. Nikajipa moyo, huyo mmoja ataleta wenzake.

Siku moja nikaenda Kitangari kwenye harusi. Mama mmoja nisiyemjua hata kwa sura akanishika mikono yote miwili akanishukuru kwa habari za salfa. Nikamuuliza anatumia namba ipi kwenye kundi, maana simwoni. Akasema yeye simu hana. Husomewa pale bombani, yule baba anayelipa akija kuteka maji anasimama anasoma kwa sauti, na wote wenye ndoo kwenye foleni wanasikiliza. Foleni nzima ya maji ya Kitangari ilikuwa kundi langu, na mlipaji ni mtu mmoja. Nikamtafuta yule baba nikamweleza kwamba namna hiyo ananiua. Akanishangaa, tena mshangao wa kweli, siyo wa kujifanya. Akaniuliza hivi mtu akipata habari ya dawa ya korosho, na jirani yake yuko nyuma yake kwenye foleni, aikunje aiweke mfukoni? Nikala pilau la watu nikarudi nyumbani, kesho yake nikalifunga kundi.

Wazo la tatu sikulitafuta. Lilikuja kwa mama mmoja wa Kichaga, mke wa kijana wa hapa Newala, wanaishi Moshi. Tulijuana pale shuleni Masasi alipokuja kufanya mazoezi ya ualimu. Akanipigia kuniuliza kama naweza kuwafundisha watoto wake Chimakonde kwa simu, kwa sababu baba yao kila siku anasema atawafundisha kesho. Mimi Chimakonde changu ni cha kukimbilia sokoni. Cha mama ndicho chenyewe. Nikamkalisha mama sebuleni, nikamwambia asalimie tu kama anasalimia wajukuu, awaambie majina ya vitu vilivyomo ndani, niweke na maana kwa Kiswahili. Nikatuma. Yule mama wa Moshi akasikiliza, akawatumia wengine, na wale wakawatumia wengine. Ndani ya miezi michache nikawa na familia ishirini na sita, za Dar, Dodoma, Mwanza, mpaka moja ya Zanzibar, wote watu wa huku waliozaa watoto wasiojua lugha ya bibi zao. Kila asubuhi somo moja la dakika tano. Elfu tano kwa mwezi. Nikapiga hesabu yangu: dawa, maji, umeme, na inabaki ya sukari. Nilicheza mwenyewe jikoni.

Sasa ngoja nikwambie kuhusu kufanya kazi na mama yangu. Mama harudii. Ukimwambia hapo jogoo ameingilia, tuanze upya, anakwambia jogoo naye ni wa hapa hapa, wamsikie. Ukimwambia dakika tano, dakika tatu zinaishia kwenye salamu, maana kwake huwezi kumwambia mtoto "hiki ni kinu" kabla hujamuuliza ameamkaje, na mama yake ameamkaje, na baba yake, na huko kwao mvua. Alisoma misheni Lulindi enzi zake, akapigwa fimbo kwa kuongea Chimakonde darasani, na sasa analipwa kukiongea. Hilo lilimfurahisha kupita kiasi. Kila akikumbuka anacheka mpaka anashika ukuta. Na mimi nimeshika simu, bando linakwenda.

Lakini kilichonitoa roho si salamu. Ni siku aliponiuliza hawa watoto ni wa nani.

Nikamsomea orodha. Sikujua ninachofanya. Kila nikitaja jina la mzazi, mama anauliza ukoo, na kama ukoo haujulikani anauliza babu, kijiji, shamba la babu lilipakana na la nani. Tukamaliza orodha asubuhi nzima. Mwisho akatoa hukumu. Hawa watano ni wa ukoo wetu, ni wajukuu zangu kabisa, huwezi kumtoza mjukuu kwa kusalimiwa na bibi yake. Hawa sita ni watani wetu, na mtani naye hatozwi, mtani akitaka kitu chako anachukua. Waliobaki watoze.

Nikamwambia mama, hii ni biashara. Akasema anajua. Nikamwambia dawa zako ndizo hizo. Akasema anajua pia. Nikamuuliza sasa? Akaniambia niwashe simu, watoto wanasubiri.

Na watani wenyewe waliipokea habari hiyo kama walikuwa wanaingojea tangu kuzaliwa. Kulikuwa na binti mmoja wa Dodoma, ana watoto wanne, mwezi wa kwanza alilipa bila neno. Baba yake ni mzee mmoja wa Tandahimba, mkulima wa korosho, wa ukoo wa watani wetu. Alipopata habari akampigia binti yake simu akamkataza kutoa hata shilingi, halafu akanipigia mimi. Akaniambia kwamba ukoo wetu tangu zamani ni watumwa wao, na mtumwa hapeleki ankara kwa bwana wake, na kwamba mwezi ule mmoja uliolipwa kwa makosa anaudai urudishwe. Mama alikuwa anasikiliza, akaninyang'anya simu mkononi, wakatukanana robo saa nzima kwa furaha kubwa. Vocha ilikuwa yangu.

Basi kila asubuhi somo linakwenda kwa familia ishirini na sita, na zinazolipa ni kumi na tano, na katika hizo kumi na tano za kuwategemea ni chache. Huyu amebanwa, yule simu iliibiwa, mwingine anauliza kama naweza kumpa wiki moja ya majaribio wakati amekaa kwenye kundi tangu Pasaka. Mtu pekee aliyelipa tarehe moja, kila mwezi, bila kukumbushwa, alikuwa yule mama wa Kichaga. Asiyetuhusu kwa lolote! Nilikuwa naiona meseji yake ya pesa imeingia natamani kumwombea kwa jina kanisani.

Mama hayo hayakumgusa. Chake kilikuwa majibu ya watoto. Niliwaambia wazazi kwamba watoto wanaweza kujirekodi wakijibu, na kila asubuhi mama alikaa na simu sikioni anawasikiliza mmoja mmoja. Wale wanne wa Dodoma ndio waliomkosha. Aliwafundisha matusi ya utani, wanamwita bibi mwizi wa kuku, yule mdogo kabisa hata ulimi haujakaa sawa, na mama anafuta machozi kwa kicheko. Mimi niko pembeni nawaza umeme.

Minada ikatangazwa. Kaka akapiga simu, anakuja Ijumaa.

Hapo nikafanya nilichofanya. Nilijiambia kwamba kaka ni mfanyabiashara, akiona orodha ya watu ishirini na sita na kumi na moja kati yao wanakula bure, atanicheka usoni na kumchukua mama. Afadhali aone kumi na tano walio safi. Na pengine wale kumi na moja wakitolewa, wawili watatu wataona aibu walipe. Jumanne asubuhi, mama yuko shambani, nikawaandikia wote kumi na moja: "Huduma imesitishwa hadi malipo yatakapokamilika." Maneno hayo nilikuwa nayaandikia wazazi kule shuleni Masasi, nayajua kwa moyo. Nikawatoa kwenye kundi mmoja mmoja. Nakiri kwamba nilijisikia vizuri sana.

Jumatano mama akakaa na simu asikilize majibu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza watoto wa Dodoma wako wapi. Nikasema mtandao. Akauliza na wale wa Mwanza? Nikasema mtandao. Akanitazama. Mama yangu akikutazama namna ile unajikuta unasema ukweli mwenyewe, hata hajauliza mara ya pili. Nikamwambia nimewasitisha mpaka walipe, na nikamweleza kwa nini, na kwamba nafanya yote hayo kwa ajili yake.

Akaiweka simu juu ya meza.

"Basi na mimi nimesitishwa," akasema.

Hakurekodi Jumatano, hakurekodi Alhamisi. Nilimbembeleza, nikampikia kisamvu cha nazi anachokipenda, akala, akashukuru, hakurekodi. Simu ikaanza kulia. Waliolipa wanauliza somo liko wapi. Wasiolipa vizuri ndio walikuwa wakali zaidi, wanataka kurudishiwa pesa. Mama wa Moshi aliandika kwa upole kwamba watoto wanamuulizia bibi, je, anaumwa? Hapo ndipo nilipoona mambo yalivyo. Biashara yangu yote ilikuwa mdomo wa bibi mmoja wa miaka sabini na mitatu, na bibi huyo amegoma, na kaka yuko njiani. Nilikasirika. Nilijisemea kwamba huyu mama anajifukuza mwenyewe kwenye nyumba yake, na mimi ndiye nitakayelaumiwa.

Kaka alifika Ijumaa jioni amechoka, Jumamosi asubuhi tukakaa. Nikamwonyesha. Akasoma meseji za malipo mwezi kwa mwezi, pole pole, na nikaona kabisa kwamba alitaka iwe kweli. Akasema dawa na maji zinatoka hapa, pesa ya umeme inapelea kidogo, lakini si mbaya, mdogo wangu, umejitahidi. Halafu akashuka chini kwenye simu akaona malalamiko. Akaniuliza mbona tangu Jumatano hakuna somo. Kabla sijajibu mama akatoka chumbani na begi. Lile begi lake la safari, limefungwa. Akaliweka mlangoni, akakaa kwenye kiti.

"Twende," akamwambia kaka.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia kaka yote, mbele ya mama. Kwamba karibu nusu ya wateja mama aliwasamehe mwenyewe. Kwamba nilipowatoa amegoma. Kwamba kuna mzee Tandahimba anatutukana kila wiki na wajukuu wake wanne wanakula kazi yetu bure, na mama kwa ajili ya huyo mzee yuko tayari kwenda kukaa juu ya ghorofa. Nilisema kwa sauti, tena mbaya. Nikamuuliza mama, huyo mtani ametupa nini sisi?

Mama hakunijibu mimi. Akamgeukia kaka.

"Siku tuliyomzika baba yako, ulishuka kwenye basi saa ngapi?"

Kaka akasema ilikuwa inakaribia saa kumi na moja.

"Maziko yalikuwa ya saa ngapi?"

Akasema saa nane. Basi lilipasuka tairi mara mbili siku hiyo, na simu yake ilikuwa imezima, kila mtu anaijua habari hiyo. Alikimbia kutoka stendi na viatu vya mjini, akamkuta baba bado yuko juu, jeneza liko pembeni ya kaburi, akapata kumwaga udongo kwa mkono wake. Kila mwaka anaisimulia. Kila mwaka anasema ilikuwa bahati.

Mama akasema haikuwa bahati. Ndipo akatusimulia. Mimi siku hiyo nilikuwa ndani na wanawake, kaka alikuwa njiani, kwa hiyo hakuna kati yetu aliyekuwa analijua. Saa nane kila kitu kilikuwa tayari. Mjomba aliyesimamia maziko alishasema hatamsubiri mtu ambaye simu yake haipatikani, wingu limefunga, padri ana ibada nyingine. Mjomba akisema imekwisha, na mjane haruhusiwi kubishana naye, mama alikuwa kwenye mkeka amefunikwa kanga. Akamtuma mtoto mmoja kwa yule mzee wa Tandahimba, aliyekuwa amekuja na watani wenzake kufanya fujo zao za msibani, amwambie maneno manne tu: mwanangu bado yuko njiani. Mzee akainuka. Alivaa koti la baba lililokuwa limetundikwa mlangoni, akatembea hadi kaburini kwa mwendo wa baba, ule wa kuburuta mguu, akashuka ndani ya kaburi akalala. Akasema nyumba hii ni yake, atakayetaka mtu mwingine alale hapa alipe kwanza.

Hiyo niliisikia tukiwa ndani. Tuliambiwa mtani amelala kaburini, watu wamechukia, padri anaangalia saa. Nakumbuka nilichukia na mimi. Wakampa pesa akasema ndogo. Wakaongeza, akasema chafu, yeye hachukui noti zilizokunjwa. Akadai kuku, wakaleta kuku, akamtazama akasema amekonda, mpelekeni hospitali. Mjomba akamtukana, akafurahi, ndiyo kazi yake. Mvua ikaanza, akajifunika koti la baba, akalala. Mtani hatolewi kwa nguvu, hata mjomba hawezi. Karibu saa tatu nzima yule mzee alilala ndani ya kaburi lenye matope, mpaka mtoto akaja mbio kusema basi la Dar limefika stendi. Hapo akapokea pesa ile ile ya kwanza, akapanda, akaenda zake.

"Hakuniambia kitu mpaka leo," mama akasema. "Na mimi sikumlipa."

Kaka alikuwa ameinama. Mimi nilikuwa natazama lile begi kwa sababu sikuweza kuwatazama wao. Kisha, bila kuinua uso, akaniambia nimpigie yule mzee.

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Nikamwamkia.

"Shikamoo yako kaa nayo," mzee akasema. "Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akauliza basi ninampigia ya nini, na wajukuu wake nilishawafukuza kwa barua ya serikali. Nikaomba radhi. Nilisema nimekosa, na wajukuu nitawarudisha sasa hivi. Akasema kosa la namna hiyo ni jogoo mwekundu, afikishwe Tandahimba kwa mkono wangu mwenyewe, akiwa hai, na asiwe wa dukani. Nikakubali. Akaomba kuongea na mwizi mwenzangu, yaani mama. Nikamwambia mama yuko hapa lakini amefunga mizigo, kaka amekuja kumchukua, anakwenda kuishi Dar es Salaam.

Upande wa pili nikasikia kiti kikiburutwa.

"Mwambie kaka yako," mzee akasema, na sauti ya utani haikuwamo tena, "magoti yangu ni mabovu siku hizi. Hapo Newala nitajikongoja, nitashuka, nitalala. Dar es Salaam mimi sitafika."

Akakata.

Kaka aliinuka, akalichukua lile begi pale mlangoni, akalirudisha chumbani kwa mama. Alikaa huko ndani muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akaniambia kwamba umeme atakuwa ananunua yeye, na nisimuulize chochote. Mama alikuwa ameshaichukua simu mezani, anaigeuza geuza kwa sababu haoni vizuri bila miwani, anataka kujua kama watoto wa Dodoma wamesharudi.

Nikawarudisha wote kumi na moja, mmoja mmoja, huku nalia kwa sauti kama mtoto, na hakuna hata mmoja kati yao aliyelipa.